“Tuchukue Hii Nzito, Bei si Ileile?”

Mwenye bucha aliifuta mizani, akatandika gazeti juu yake, akabonyeza kitufe mpaka sifuri ikarudi. Halafu akanitazama kwa jicho la mtu anayehisi anataniwa. Nikamkabidhi simbali ya kwanza, ile sahani ya shaba ya kwenye dramu.

Gramu 1,040.

Nikamkabidhi ya pili. Gramu 1,180.

Zote mbili ni kreshi, simbali za kupigia pigo moja kubwa, za inchi 16. Kiwanda kimoja, toleo moja, maandishi yaleyale mgongoni. Muuzaji anayeleta vyombo kutoka Nairobi kupitia Namanga alituachia zote tuzijaribu, tubaki na moja, bei haibadiliki. Tulikuwa jirani na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na mhazini wa kwaya yetu amesimama pembeni yangu, mkoba kwapani. Yeye ndiye aliyetaka zipimwe. Hela ni ya kwaya, na mama huyu hanunui hata pakiti ya kalamu bila kuuliza tofauti iko wapi.

“Basi, mwalimu, tuchukue hii nzito. Bei si ileile?”

“Mama, nyepesi inalia vizuri zaidi.”

“Inalia vizuri kwa nani? Kwako unayepiga, au kwetu tuliokaa?”

Mwenye bucha akacheka. Nikasema tutaongea mbele ya safari. Swali lenyewe halikusubiri safari, lilinifuata mpaka nyumbani, likakaa nami wiki nyingi.

Unene wa karatasi

Gramu 140 kwenye maini ni chakula cha mtu mmoja. Kwenye sahani ya inchi 16 zinatandazwa mpaka zinakaribia kupotea.

Nilikaa na kikokotoo cha simu. Simbali hizi ni za mchanganyiko ambao wapiga dramu tunauita B20: asilimia 80 shaba, asilimia 20 madini ya bati. Sentimita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo ina takriban gramu 8.7. Ukitafuta unene wa wastani, ile nyepesi inatoka milimita 0.92, na ile nzito milimita 1.05 hivi. Kati yao panapita karatasi moja ya daftari, basi.

Ila karatasi hiyo inasikika.

Sahani ikinenepa inakuwa ngumu kupinda, na iliyo ngumu kupinda hutetemeka haraka zaidi, kwa hiyo sauti inapanda. Sahani ingekuwa tambarare kabisa, ongezeko la asilimia 13 la unene lingeipandisha sauti karibu toni nzima, yaani kutoka do hadi re. Simbali si tambarare. Ina kuba katikati na mbinuko hadi ukingoni, na vyote viwili vinaingilia hesabu. Hata hivyo mwelekeo ni uleule. Nilipozigonga moja baada ya nyingine kanisani, waimbaji wawili wa sauti ya kwanza waliokuwa wanafagia walisema bila kuulizwa kwamba ya pili “iko juu”.

Kuna jambo moja hapa linalowachanganya wengi wanaonunua kwa picha za simu. Mtu anaandika: nauza kreshi, gramu 1,300. Ni nyembamba au nene? Huwezi kujua mpaka akwambie inchi. Kwenye inchi 16 hilo ni dude zito. Kwenye inchi 18 ni simbali nyembamba, kwa sababu eneo linakua kwa mraba wa kipenyo, na inchi 18 inaizidi inchi 16 kwa zaidi ya robo ya eneo.

Siku hizi nagawanya gramu kwa inchi zidisha inchi. Zetu mbili zinatoa 4.1 na 4.6. Raidi, yaani simbali kubwa ya kugonga mfululizo, ya inchi 20 yenye gramu 2,300 inatoa 5.75, na raidi nzito ya gramu 2,800 inatoa 7 kamili. Sijaitoa kiwandani, ni hesabu yangu ya jikoni, lakini inaniwezesha kuweka inchi 16 na inchi 20 kwenye mstari mmoja nikaona ipi ni nene kweli na ipi ni kubwa tu.

Inaanzia wapi?

Yale ya kawaida mnayajua. Nzito iko juu, inatoa “ting” safi, inapenya, mlio wake unadumu. Nyembamba iko chini, inafunguka upesi, inazima mapema. Kila mpiga dramu aliyewahi kushika vijiti viwili atakwambia hivyo, na ni kweli, na mhazini wangu hakujali hata chembe nilipomwambia.

Kwa hiyo nilirudi kanisani siku ya kazi, mchana, nikazitundika zote mbili kwenye stendi, urefu mmoja. Nikapiga kwa kiwango cha pambio la taratibu, lile la kabla ya maombi, ambapo kinanda kinatembea peke yake na watu wameshafumba macho.

Nyepesi ilifunguka. Shaaa, ikavuma kidogo, ikaondoka.

Nzito ikanipa ting, na nyuma yake uzi mwembamba wa mvumo, utadhani ni raidi ndogo. Nikaongeza mkono. Ting kubwa zaidi. Nikaongeza tena, na hapo ndipo shaaa ilipokuja, lakini ilikuja imeshalivuka pambio na ingewafumbua watu macho.

Nilibaki nimeketi pale nyuma ya dramu.

Tumezoea kuuliza simbali inafika wapi ukiipiga kwa nguvu zote. Wauzaji nao wanaisifu hivyo, ina nguvu, inapasua, inasikika mpaka barabarani. Mimi naona swali la kanisani ni jingine: inaanzia wapi? Kila simbali ina kiwango ambacho chini yake haijawa yenyewe, inatoa mlio wa chuma tu. Simbali nene inahitaji nguvu nyingi zaidi ili ianze kutetemeka yote, kutoka kwenye kuba hadi ukingoni. Mkono mwepesi hauigusi. Kwa hiyo mpiga dramu mwenye simbali nzito na chumba kidogo anabaki na njia mbili: apige kwa upole apate sauti mbaya, au apate sauti nzuri awaumize watu.

Nikakumbuka na historia kidogo. Familia ya Zildjian inahesabu kazi yake ya simbali tangu mwaka 1623, Istanbul, na kwa muda mrefu sana simbali zao zilikuwa za bendi za jeshi na za okestra. Walipohamia Marekani na kiwanda kikaanza mwaka 1929 karibu na Boston, wapiga dramu wa jazi ndio waliowaomba simbali nyembamba, Gene Krupa akiwa mmojawapo, kwa sababu walitaka kitu kinachojibu upesi ndani ya ukumbi wa dansi. Uzito ulirudi kwa nguvu baadaye, muziki wa roki ulipoanza na ukuta wa spika za magitaa nyuma ya mpiga dramu asiye na maiki hata moja. Yule alihitaji kupasua. Alikuwa anashindana na umeme.

Mimi nashindana na nani? Na akina mama wa sauti ya pili.

Fundi mitambo hana kitufe chake

Kanisa letu liko kama mengi mnayoyajua kuanzia Pasua hapa Moshi mpaka Kijenge kule Arusha: ukuta wa plasta, vigae chini, mabati juu, na madirisha ya vioo pande zote mbili. Hakuna pazia. Hakuna zulia ila lile la madhabahuni. Sauti ikitoka haina pa kulala, inarudi. Na zinazorudi kwa ukali kuliko zote ni sauti za juu, zile ambazo simbali nene inazo kwa wingi.

Fundi mitambo wetu ni kijana mtulivu sana. Jumapili moja alinifuata baada ya ibada, akanisalimia vizuri, akaniambia kitu nilichokuwa nimekiishi miaka mingi bila kukitamka. Gitaa likizidi, analishusha. Kinanda kikizidi, anakishusha. Mwimbaji akizidi, anamshusha na mwimbaji hajui. Simbali haina kitufe. Haimo kwenye mikisa, ile mashine yake ya kuchanganya sauti, ila imo kwenye maiki za kwaya zote nne, kwa sababu kwaya inasimama mita tatu kutoka kwenye dramu. Akipandisha kwaya ili maneno yasikike, simbali inapanda nayo. Akishusha maiki ili simbali ipungue, kwaya inazama.

“Kaka, mimi nikisikia ile kubwa imepigwa, naacha tu mkono juu ya meza. Sina cha kufanya.”

Halafu maneno yenyewe. Wimbo wa Kiswahili unabebwa na silabi, lakini sikio linazitenganisha silabi kwa s, t, ch na k, na hizo ni sauti fupi za juu. Mlio mrefu wa simbali nzito, ukirudishwa na mabati, unakaa hapohapo. Kreshi imepigwa mwanzo wa kiitikio, na mstari mzima wa kwanza umekuwa wa irabu tupu. Watu wanaoujua wimbo hawaoni shida. Mgeni hajui tunaimba nini.

Na kuna masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa sauti ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kreshi iliyopigwa kwa nguvu inavuka 100 bila jasho kwa mtu aliye karibu. Ni mlipuko mfupi, sawa, lakini mpiga dramu wa kanisa lenye ibada tatu anakaa nusu mita kutoka kwenye huo mlipuko kutwa nzima ya Jumapili. Benchi la mbele kwetu ni la wazee.

Hapo nikajiona nimepata jibu la mama mhazini. Nyepesi inalia vizuri kwao waliokaa. Nikamwandikia ujumbe mrefu.

Akanijibu kwa mstari mmoja: “Sawa mwalimu. Na ikipasuka?”

Ibada ya vijana

Hilo ndilo lililonikwamisha kweli.

Maandiko mengi kuhusu kuchagua simbali yanamwandikia mtu mmoja mwenye dramu zake. Chagua kulingana na mkono wako, kulingana na muziki wako. Dramu za kanisa hazina mkono mmoja. Asubuhi napiga mimi. Ibada ya pili anapiga fundi seremala mwenye mkono laini kuliko wangu. Jioni, ibada ya vijana, anapiga yeyote aliyewahi, na aliyewahi huwa ni kijana wa miaka 16 aliyejifunza kwa kutazama video, anayepiga kreshi kana kwamba inamdai hela. Katikati ya wiki kuna mazoezi ya kwaya mbili. Jumamosi dramu zinapandishwa kwenye Kirikuu kwenda kwenye kipaimara.

Simbali nyembamba kwenye mikono hiyo yote itaishi muda gani? Ukinunua kwa hela yako, ukavunja, ni yako. Ukinunua kwa hela ya kwaya, ikapasuka kabla ya mavuno, utasimama mbele ya watu waliouza mchicha na karanga ili ipatikane. Mhazini hakuwa anabania. Alikuwa anafikiria mbali kuliko mimi.

Nikaanza kuyumba. Nzito angalau itadumu.

Kisha nikaenda stoo kuitoa simbali yetu ya zamani, ile iliyopasuka, maana nilitaka kuona imepasukia wapi. Nikaenda nayo bucha ileile. (Mwenye bucha sasa ananiita “mzee wa masahani”.) Inchi 16, gramu 1,260. Gawanya: 4.9.

Ilikuwa nzito kuliko zote mbili mpya. Na imepasuka.

Tena haikupasukia ukingoni, mahali ambapo kijiti kinagonga. Ilianzia kwenye tundu la katikati. Tundu lenyewe limelika upande mmoja mpaka limekuwa kama la ufunguo, na ufa unatokea pale kupanda kwenye kuba. Ukiiangalia stendi unaelewa: kile kibomba cha plastiki kinachovaa chuma ili simbali isikikwaruze kilipotea zamani. Kitambaa kizito cha chini kilipotea pia, pakawekwa kipande cha kandambili kilichokatwa mviringo. Kandambili si mbaya, nimeiona sehemu nyingi na inafanya kazi. Tatizo ni ile nati ya juu. Kuna mtu alikuwa anaikaza kwa koleo ili simbali “isicheze”.

Simbali lazima icheze. Ikibanwa, nguvu ya kijiti ambayo ingeondoka kwa kuyumba inabaki ndani ya shaba, pigo baada ya pigo, mpaka shaba inachoka. Kuna na ile tabia ya kuiweka juu sana na tambarare, kijiti kinaingia ukingoni moja kwa moja kama panga kwenye mgomba. Iinamishe kidogo kuelekea kwa mpigaji, kijiti kipite kwa kuteleza.

Uzito haukuiokoa ile ya zamani. Uliichelewesha labda. Na nyembamba, nisiseme uongo, haivumilii upuuzi kwa muda mrefu hivyo, hasa ukingoni, na hasa kijiti kikiwa kinene. Lakini tofauti kati ya 4.1 na 4.6 ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti kati ya nati iliyolegea na nati iliyokazwa kwa koleo. Kipande cha mpira wa bomba kwenye chuma cha stendi kinaongeza maisha ya simbali kuliko gramu 140 za shaba, na fundi bomba yeyote atakupa hicho kipande bure.

(Na jamani, msiipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Nimeona simbali mbili zilizochomelewa hapa mjini. Ule moto unaharibu ugumu wa shaba kuzunguka ufa, mlio unakufa, na ufa unarudi pembeni ya kiraka. Ufa mdogo wa ukingoni unaweza kukatwa ukaondolewa na kulainishwa. Ule wa kwenye kuba, agana nao.)

Uwanjani

Kabla ya kumaliza hesabu na mama, ikaja kazi ya mkutano wa injili uwanjani, nje kabisa, upepo unatoka mlimani, watu wamesimama mbali. Nilichukua zote mbili makusudi.

Nje hakuna ukuta wa kukurudishia kitu. Nyepesi ilipigwa ikamezwa, nikawa najisikia mimi na mpiga besi basi. Nzito ikafika. Mhubiri mmoja aliyekuwa nyuma kabisa ya umati alisema alikuwa anaifuata kreshi kujua kiitikio kimeanza.

Kwa hiyo ukiniuliza kama simbali nzito ni mbaya, hapana. Bendi inayopiga bustanini kwenye sherehe kila Jumamosi, bila maiki juu ya dramu, inaihitaji. Kanisa lenye viti mia tano na dari ya mbao linaweza kuibeba. Sisi tunatoka nje mara chache kwa mwaka, na siku hizo naweza kuazima.

Gramu zinapokoma kusema

Nisiache mtu aondoke akaanze kununua simbali kwa mizani peke yake.

Mbili zenye uzito mmoja na kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana kabisa. Yenye mbinuko mkubwa inapanda sauti hata kama ni nyembamba. Yenye kuba kubwa inavuma zaidi. Yenye alama nyingi za nyundo inakuwa na mlio mkavu, wenye giza. Moja inaweza kuwa nene katikati na nyembamba ukingoni, nyingine ikawa sawa mwili mzima, na mizani ya bucha haiwezi kukwambia hilo. Vidole vinaweza: bana ukingo, tembea nao kuelekea kwenye kuba, kisha uukunje taratibu kwa dole gumba uone unavyokubali.

Na kabla ya uzito kuna madini. Zile sahani za manjano zinazokuja bure na seti mpya ya dramu mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, zimekatwa kutoka kwenye shiti. Nzito au nyepesi, zitalia sufuria. Kuna B8, shaba asilimia 92 na bati 8, yenye mlio mkali na wa moja kwa moja. Watu wanaidharau kwa sababu inatumika kwenye simbali nyingi za bei ya chini, lakini kampuni ya Paiste imejenga simbali zake za toleo liitwalo 2002 kwa mchanganyiko huo tangu mwaka 1971, na John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, alizipiga hizo. Mkono ule, kama mnaukumbuka, haukuchagua simbali ndogo nene. Ulichagua simbali kubwa, raidi ya inchi 24.

Hiyo ndiyo sentensi iliyonifungua macho. Kubwa.

Tulichochukua

Nilimpigia muuzaji nikamuuliza kama ana inchi 18 ya toleo lilelile, nyembamba. Akaituma na basi kutoka Namanga ikafika ikiwa imefungwa kwenye boksi la biskuti. Bei imepanda, lakini si kwa kiasi cha kuitisha kikao.

Nikamchukua mama, tukaenda bucha.

Gramu 1,360.

Mama akaitazama namba, akanitazama mimi. “Mwalimu, si ulisema unataka nyepesi?”

Gawanya kwa 324, yaani 18 zidisha 18. Inatoka 4.2. Ni nyembamba karibu sawasawa na ile ya 1,040, ila ni pana zaidi, kwa hiyo sauti yake iko chini zaidi, inafunguka kwa mkono mwepesi, na kijana wa jioni akiipiga kwa hasira haimpigi mtu wa benchi la mbele usoni. Nilimweleza yote haya. Sidhani kama alisikiliza sana. Alikuwa anahesabu kwamba amepata gramu 180 zaidi ya ile nzito aliyoitaka mwanzo, na aliridhika. Akalipa, akadai risiti.

Fundi mitambo alinionyesha dole gumba Jumapili ile kutoka nyuma ya meza yake. Mabenchi ya mbele hayakusema kitu, na wale wakinyamaza ni sifa.

Raidi bado tunabishana. Kuna muumini aliyeko Arusha anataka kutupa yake, inchi 20, gramu 2,870, na simbali ya bure ina utetezi wake. Raidi inakubali uzito kuliko kreshi, maana kazi yake ni ting, na ting inataka unene. Ila 7.2 chini ya mabati yetu itakuwa kengele ya shule. Ningetaka kati ya 2,200 na 2,400. Seremala anasema tuipokee, tuibandike utepe chini, tuone. Sikatai kujaribu.

Hai-hati, zile simbali mbili zinazofungwa kwa mguu, nilizipima pia, kwa kuwa nilikuwa pale. Moja gramu 930, nyingine 1,270. Hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa nyingi: nyepesi juu, nzito chini, ili mguu ukifunga zibane vizuri na kijiti kikipiga ya juu ijibu upesi. Za kwetu zilikuwa zimegeuzwa, tangu lini hakuna anayejua. Kaziangalieni na zenu.

Na kwa mnaonitumia picha za simbali mkiuliza “hii inafaa?”: picha hainisaidii. Nitumieni inchi, gramu, na sauti iliyorekodiwa kwa simu kutoka benchi la tatu au la nne, ikipigwa polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Msirekodi mkiwa mmesimama juu yake. Kama muuzaji hana mizani, bucha zipo kila mtaa, nendeni saa nne asubuhi wakati wateja wa nyama wameshapungua.

Chukueni na gazeti la kutandika.